Muuaji na Sababu Zake: Mustafa Said katika Riwaya ya Tayeb Salih

Kila inapotokea katika fasihi kwamba mwanamume anaua wanawake, mhakiki hukimbilia kuuliza kwa nini. Swali hilo ni la haki, na hatuna nia ya kulikataza, ila jibu lake aghalabu huja upesi mno. Katika Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wamekuwa nacho tangu siku za ukoloni, Sultani Shahriyari anasalitiwa na mkewe, naye kwa kosa la mmoja anaamua kuoa mwanamwali kila usiku na kumwua kila kunapopambazuka. Sababu hiyo inatolewa mwanzoni kabisa, msomaji anaipokea, kisha hadithi inaendelea na majini na mabaharia na wachukuzi wa Baghdadi. Mwishoni Sultani anaongoka. Wasichana waliochinjwa kabla ya Shahrazadi kuingia chumbani mle hakuna anayewahesabu, wala anayewataja kwa majina.

Makala haya yanamhusu muuaji mwingine, ambaye sababu zake ni nyingi kuliko za Shahriyari, na ambaye kwa ajili ya wingi huo amewashughulisha wahakiki kwa zaidi ya nusu karne. Huyo ni Mustafa Said, mhusika wa riwaya ya Msudani Tayeb Salih (1929-2009), iliyotoka kwa Kiarabu huko Beirut mwaka 1966, ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Denys Johnson-Davies mwaka 1969. Kwa Kiswahili tutaiita hapa Msimu wa Kuhamia Kaskazini. Katika idara zetu husomwa zaidi kwa Kiingereza, jambo ambalo tutalirejea, maana kuna mahali ambapo Kiswahili kinaifunua riwaya hii vizuri kuliko Kiingereza.

Kwa asiyeikumbuka, mkasa wake ni huu. Msimulizi, kijana aliyekaa Uingereza miaka 7 akitafuta shahada ya udaktari katika ushairi, anarudi kijijini kwao kwenye kingo za Mto Naili. Hapo anamkuta mgeni, Mustafa Said, mkulima mtulivu mwenye mke, Hosna binti Mahmoud, na watoto wawili wa kiume. Usiku mmoja mgeni huyo analewa na kughani shairi la Kiingereza. Siri inaanza kuvuja. Mustafa alizaliwa Khartoum mwaka 1898, akasoma Cairo, akaenda Uingereza, na akiwa na umri wa miaka 24 akawa mhadhiri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha London. Huko wanawake watatu walijiua kwa ajili yake: Ann Hammond, msichana aliyekuwa akisoma lugha za Mashariki huko Oxford, Sheila Greenwood, mtumishi wa mkahawa katika mtaa wa Soho, na Isabella Seymour, mke wa mtu na mama wa watoto. Wa nne, Jean Morris, alikuwa mkewe, na huyo alimwua mwenyewe kwa kisu. Mahakama ya Old Bailey ikamfunga miaka 7. Baada ya kuyasimulia hayo anatoweka wakati wa mafuriko ya mto, na mwili wake hauonekani.

Miaka michache iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu swali la insha: ni nini kilichomsukuma Mustafa Said kuua? Karibu wote walijibu kwamba alilipiza kisasi cha Afrika. Waliandika vizuri, wakataja tarehe, wakamtaja Fanon, nami nikawapa alama nzuri, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa mimi mwenyewe nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili. Katika semina za huko, mimi nikiwa Mwafrika pekee chumbani, nililitetea jibu hilo kwa hamasa ambayo leo inanitia haya kidogo. Siku ya kurudisha insha, mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye hakuwa na desturi ya kusema darasani, aliuliza: "Na Hosna, mwalimu, yeye alikuwa akilipiza kisasi cha nani?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa kwa kuchelewa.

Na tuanze na sababu ile inayotolewa kwanza, yaani ile ya wakili. Mtetezi wa Mustafa ni Profesa Maxwell Foster-Keen, aliyewahi kuwa mwalimu wake na ambaye wala hakumpenda. Hoja yake mbele ya baraza la wazee wa mahakama ni kwamba wanawake wale hawakuuawa na mtu huyu, bali na ugonjwa wa kale uliowapata watu miaka elfu iliyopita. Kwamba Mustafa ni mtu mwungwana ambaye akili yake iliupokea ustaarabu wa Magharibi lakini moyo wake ukavunjika kwa kuupokea. Hoja hiyo ni nzuri sana kwa masikio. Inamwondoa mtu katika kizimba na kuwaweka humo walimwengu wawili, Mashariki na Magharibi, ambao hawawezi kunyongwa. Na ajabu yake ni kwamba mshtakiwa mwenyewe haitaki. Akikaa pale anatamani kusimama na kupaza sauti kwamba hayo yote ni uzushi, kwamba ni yeye aliyewaua. Alikuwa amemwambia Isabella kwamba yeye ni kama Othello, Mwarabu na Mwafrika kwa pamoja. Sasa anajikana: yeye si Othello, yeye ni uongo. Lakini hasemi. Mwendesha mashtaka anapomwuliza kama alimwua Jean Morris, anakiri. Akiulizwa kama alikusudia, anakiri pia. Kwa habari ya wale watatu wengine, anadai hajui. Majibu yake ni mafupi kuliko hotuba ya wakili mara mia, na kwa maoni yetu ndiyo yenye kweli zaidi.

Sababu ya pili ni ya historia, na hii haiwezi kupuuzwa, kwani mwandishi ameijenga kwa uangalifu mkubwa. Mwaka wa kuzaliwa kwa Mustafa ndio mwaka ambao jeshi la Kitchener lilishinda Omdurman na Sudan ikatwaliwa. Riwaya inamkumbusha msomaji jinsi kiongozi wa Kisudani, Mahmoud Wad Ahmed, alivyoletwa mbele ya Kitchener amefungwa minyororo baada ya vita vya Atbara, na jinsi Kitchener, mvamizi, alivyomwuliza mwenye nchi kwa nini amekuja kuiharibu nchi. Mustafa anajiona kuwa ndiye jibu la swali lile la kinyume. Kama wao walikuja kwetu kwa merikebu na mizinga, yeye anakwenda kwao kama mvamizi, na silaha yake ni mwili wake. Edward Said, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu utamaduni na ubeberu, aliiona safari hii kuwa ni ile ya Kurtz wa Conrad iliyogeuzwa: Mzungu alipanda mto kwenda gizani, huyu anateremka kwenda kaskazini. Na Fanon alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1952, katika kitabu chake cha ngozi nyeusi na vinyago vyeupe, jinsi mwanamume mweusi anavyoweza kumtafuta mwanamke mweupe ili ajipatie kwake utu alionyimwa.

Haya yote ni kweli. Hata hivyo, tukiyasoma kwa utulivu hatuna budi kuuliza: kisasi hicho kilimfikia nani? Ukoloni ulikuwa na majeshi, mabenki, mahakama na wizara. Mustafa aliishi London katika miaka ya ishirini, akala na watu wakubwa, akaandika vitabu vya kuushambulia ukoloni, akawa rais wa chama cha kupigania uhuru wa Afrika. Riwaya haituonyeshi kwamba hata gavana mmoja alipoteza usingizi kwa ajili yake. Waliokufa ni msichana ambaye hata miaka 20 hakuwa ameifikisha, mtumishi wa mkahawa aliyefanya kazi mchana na kusoma usiku, na mama ambaye mumewe, alipoitwa mahakamani, alimtetea mshtakiwa kwa kueleza kwamba mkewe alikuwa mgonjwa wa saratani. Ikiwa hii ni vita dhidi ya himaya, basi jemadari wake alichagua kupigana na wale tu waliokuwa karibu na mkono wake.

Na alipigana kwa hila. Chumba chake cha London alikipamba kwa mazulia ya Kiajemi, vioo, manyoya ya mbuni, udi na msandali, ili mwanamke akiingia aamini kwamba ameingia Afrika, au Arabuni, au popote ambapo alikuwa amekwisha kupaota. Msomaji wa Lamu au Mombasa atazitambua harufu hizo na huenda akatabasamu, kwa kuwa kwake ni harufu za nyumba ya arusi ya jirani, si za jangwa wala msitu. Isabella anasimuliwa juu ya mitaa inayopitwa na tembo na simba. Kila mwanamke anapewa jina jingine: kwa huyu yeye ni Hassan, kwa huyu Amin, kwa huyu Richard. Yaani Mustafa anauza kwa bei ghali picha ile ile ya Mwafrika ambayo mkoloni aliichora. Mlipiza kisasi hafanyi biashara na aliyemdhulumu kwa kutumia bidhaa za mdhulumu. Hapa wanafunzi wangu, na mimi kabla yao, tuliteleza.

Tunadhani sababu iko mahali pengine, na dalili yake ya kwanza iko Cairo, kabla ya London na kabla ya kisasi chochote. Mustafa anafika huko akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, amemwacha mama ambaye daima alikuwa kwake kama mgeni aliyekutana naye njiani, uso wake umefunikwa usionyeshe furaha wala huzuni. Kituoni anapokewa na Bwana Robinson na mkewe. Bibi Robinson anamkumbatia, na katika kukumbatiwa huko mtoto anahisi kwa mara ya kwanza tamaa ya mwili. Mara hiyo hiyo mji wa Cairo na mwanamke huyo vinachanganyika katika fahamu zake: mji unakuwa mwili, na mwili unakuwa mji, mlima wa kupandwa, mahali pa kupiga hema usiku mmoja kabla ya kuendelea na safari. Tangu hapo hakuna mwanamke katika masimulizi yake ambaye ni mtu. Kila mmoja ni nchi. Na nchi, katika mawazo ya mvamizi yeyote, iko pale ili itwaliwe. Kisasi kilikuja baadaye, kikaikuta tabia hii imekwisha kukomaa, kikaivika nguo za heshima.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Katika lugha yetu mume huoa na mke huolewa. Mwalimu wa sarufi hufundisha kwamba kiambishi -w- ni cha kauli ya kutendwa, kisha hupita kwenye mfano mwingine. Ipo pia kauli ya kutendana, kuoana, nayo imeenea, lakini ukimsikia bibi harusi akisema "nimeoa" utadhani ama amekosea ama anafanya mzaha. Na bado kuna hatua ya tatu: baba humwoza binti, binti huozwa. Hapo mwanamke anakuwa mbali na kitenzi kwa hatua mbili. Mtenda ni baba, mpokeaji ni mume, naye ni kile kinachopita mikononi mwao. Mfasiri atakayeileta riwaya hii katika Kiswahili hatapata taabu na lugha ya Mustafa wala na lugha ya wazee wa kijiji. Atakuta kitenzi kimekwisha kumngojea. Hatusemi kwamba sarufi huua watu. Tunasema tu kwamba uhusiano ule ambao Mustafa anaufanya uonekane kuwa ni siri ya mgongano wa mabara mawili, sisi huutamka kila siku tunapotangaza ndoa.

Jean Morris ndiye anayeiharibu picha hiyo. Yeye hakubali kuwa nchi. Anaingia katika chumba kile cha udi, na badala ya kulewa anavitaka vitu: chombo cha thamani anakipasua, mswada wa kale wa Kiarabu anautafuna na kuutema, msala wa hariri wa Isfahan anautupa motoni. Anakanyaga zana zote za uongo ule mbele ya macho ya mwenyewe. Wahakiki wengi humwita mwanamke katili mwenye kutamani kifo chake, na hutaja kama ushahidi ule usiku wa Februari ambapo, kisu kikiwa kifuani pake, anamsihi Mustafa waende pamoja. Lakini nani anayetusimulia usiku huo? Ni Mustafa. Katika chumba kile walikuwamo watu wawili, mmoja akafa. Kila neno tulilo nalo la kwamba Jean Morris alitaka kuuawa limetoka kinywani mwa aliyemwua, tena likapitia kwa msimulizi wa pili ambaye mwenyewe amekwisha kuvutwa na sauti ya muuaji huyo. Katika mahakama yoyote ushahidi wa namna hiyo ungepimwa kwa mashaka. Katika uhakiki tumeupokea kana kwamba ni habari iliyothibitishwa. Mwezi Januari 2024, maelfu ya watu walipoandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, mazungumzo mengi nje ya maandamano yalirudi kwenye swali hili hili kwa njia nyingine: yule marehemu alikwenda kutafuta nini kule chumbani? Mwalimu wa fasihi aliyezoea kulisoma kifo cha Jean Morris kama ombi lake mwenyewe hana haki ya kushangaa.

Sasa tumfikie Hosna. Baada ya mumewe kutoweka, Wad Rayyes, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye kijijini husemwa kwamba hubadili wanawake kama abadilivyo punda, anamtaka. Hosna anakataa. Anamwambia msimulizi, ambaye Mustafa alimwachia uangalizi wa mke na watoto, kwamba akilazimishwa atamwua mzee huyo na kujiua mwenyewe. Hata anakwenda kwa wazazi wa msimulizi kuomba kijana huyo amwoe kwa jina tu, ili aokoke. Msimulizi, ambaye anampenda bila kujikubalia, anarudi kazini kwake Khartoum na kunyamaza. Baba na ndugu za Hosna wanamwoza kwa nguvu. Kwa majuma mawili anamnyima mume huyo mwili wake. Usiku mmoja Wad Rayyes anajaribu kuuchukua kwa nguvu, naye Hosna anamchoma kisu mara nyingi, kisha anajichoma mwenyewe.

Tuzilinganishe kesi hizi mbili. Mustafa, aliyewaharibu wanawake wanne, anapata wakili profesa, mwendesha mashtaka mwenye adabu, mume wa marehemu aliye tayari kumsamehe, hukumu ya miaka 7, na baada ya hapo wahakiki wa mabara yote wa kumtafutia sababu: ukoloni, Othello, mama asiyecheka, mgongano wa ustaarabu. Hosna aliitaja sababu yake mapema, kwa maneno machache yasiyohitaji kufasiriwa, tena kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kuizuia. Kijiji kinawazika yeye na Wad Rayyes bila matanga na kuamua kwamba alikuwa na wazimu. Mahjoub, rafiki wa msimulizi na mtu wa maendeleo, kiongozi wa chama cha wakulima, naye hana neno jingine ila hilo la wazimu. Na sisi wahakiki hatukufanya vizuri zaidi. Mara nyingi tunamtaja Hosna katika aya moja mwishoni, kama mwangwi wa Jean Morris, au kama ishara kwamba Mustafa aliiambukiza Sudan maradhi ya London.

Hoja hiyo ya ambukizo ndiyo tunayoikataa kwa nguvu zaidi. Wad Rayyes hakuwahi kuonana na Kitchener mezani, hakusoma Oxford, hana kitabu hata kimoja cha Kiingereza. Ndani ya chumba cha siri ambacho Mustafa alikijenga kijijini, msimulizi anakuta meko ya Kiingereza na rafu za vitabu visivyo na hata kimoja cha Kiarabu, hata Kurani yenyewe ikiwa katika Kiingereza. Katika nyumba ya Wad Rayyes hakuna lolote la hayo. Hata hivyo wote wawili wanakubaliana kabisa juu ya mwanamke ni nini na ni wa nani. Tayeb Salih amewaweka katika kitabu kimoja kwa makusudi, mmoja kaskazini mwenye historia ya kumlaumu mkoloni, mwingine kusini asiye na udhuru huo, ili msomaji akiwatazama kwa pamoja aone ni kipi kinachobaki baada ya udhuru kuondolewa. Ndiyo maana kisasi cha Afrika hakitoshi kuwa jibu: kingekuwa jibu kamili, Hosna asingelihitajika katika riwaya hii, naye anahitajika mno, kwani ni kifo chake, wala si cha Jean Morris, kinachomsukuma msimulizi kuufungua mlango wa chumba kile na hatimaye kuingia mtoni.

Mwanafunzi wangu aliuliza Hosna alilipiza kisasi cha nani. Riwaya ina mtu mmoja anayelijibu swali hilo bila kusitasita, naye si profesa wala msimulizi. Ni Mabruka, mke mkubwa wa Wad Rayyes. Usiku ule wa kelele na damu wanakwenda kumwamsha na kumpa habari kwamba mumewe ameuawa. Anasema kwamba mzee amejichimbia kaburi kwa mikono yake, anamwombea baraka binti Mahmoud aliyemlipa deni lake lote, kisha anapiga vigelegele.